Tawi la Lukindwe: maisha ya Maman Eulalie Nankafu M'Cirhuza, 1956–2026

Baba padri, wakubwa wa familia, majirani wa Muhungu, walimu na wanafunzi wa zamani, wanachama wa chama cha watembezi, na ninyi akina mama mlioshuka kutoka Cihambe leo alfajiri, familia ya marehemu Patrice Cirhuza imenipa mimi, Lucien, mtoto wake wa mwisho, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu mkubwa kabla hatujampeleka kanisani na kisha nyumbani kwao. Nimejitahidi kusema yale tu ambayo watu wawili au zaidi wanayakumbuka kwa namna moja, na palipo na tarehe isiyo na karatasi nimesema kwamba haina karatasi. Liko jambo moja ambalo wengi wenu mmelisikia tangu Jumatatu na mnangoja jibu lake, nalo ni tawi lililowekwa kwenye njia panda ya Lukindwe. Jibu lipo, litakuja mahali pake, kwa sababu mtu asiyejua jinsi mwanamke huyu alivyoishi hataelewa kwa nini tawi moja limesumbua familia nzima wiki nzima.

Maman Eulalie alizaliwa katika kijiji cha Cihambe, teritware ya Kabare, mwezi wa Agosti 1956. Kadi yake ya ubatizo ina tarehe 19 Agosti, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto alibatizwa akiwa na juma moja, kwa hiyo msalabani tumeandika tarehe 12. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto saba wa Papa Patrice Cirhuza, mtunza bustani katika kituo cha utafiti cha Lwiro, na Maman Rosette M'Nyangezi, ambaye alibeba ndizi na mihogo kutoka Cihambe hadi soko la Kadutu, mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, tangu alipoolewa hadi magoti yalipokataa. Eulalie alianza kumfuata mama yetu njiani akiwa na miaka sita hivi, na kazi aliyopewa ilikuwa kutangulia na kusema "hapa" kila alipofika mahali ambapo ukingo wa njia unalingana na mgongo wa mtu aliyeinama, kwa maana mwanamke mwenye mzigo akiuweka chini hawezi kuuinua peke yake, lakini akiuegemeza kwenye ukingo anapumzika na kuondoka bila kumwomba mtu. Sehemu hizo zote alizijua kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule ya msingi Cihambe kuanzia 1962 hadi 1968, kisha akapelekwa bweni katika lise, yaani shule ya sekondari, ya wasichana hapa Bukavu, akapata diploma ya serikali ya ualimu mwaka 1974, na kwa likizo zote alirudi nyumbani kwa miguu pamoja na akina mama waliokuwa wamemaliza kuuza. Mwaka huo huo aliingia taasisi ya ualimu, idara ya jiografia, akahitimu Julai 1977. Siku moja aliwasimulia wanafunzi wake kwamba akiwa taasisini alitafuta Cihambe kwenye ramani akaikuta, akatafuta njia ya mama yake asiione, akamwuliza mwalimu, naye mwalimu akamjibu kuwa njia za miguu hazichorwi kwa sababu zinahama kila mvua. Aliongeza kwamba mwalimu yule alisema kweli, na kwamba aliuishi ukweli huo kwa miaka mingi kabla ya kujua la kuufanyia.

Alifundisha jiografia katika shule tatu za sekondari za mji huu, kuanzia Septemba 1977 hadi alipostaafu Julai 2016, na kwa miaka ambayo mishahara ilichelewa au haikuja kabisa hakuacha darasa. Wanafunzi wake walimwita Maman Azimio, kwa kuligeuza neno azimuti, kipimo cha upande kwenye dira, kwa sababu kila mtu aliyechelewa alimwambia aoneshe kwa mkono upande aliotokea, na aliyekosea upande alikaa mbele hadi kengele. Wengi walioko hapa walikaa mbele.

Tarehe 9 Julai 1983 alifunga ndoa na Papa David Kajangu, fundi wa injini za mitumbwi na boti, mtu wa ziwani ambaye hakupenda mlima hata kidogo, na ambaye watu walipomwuliza mkewe yuko wapi siku ya Jumapili alijibu kwa utulivu, "Bibi yangu anatembea kwa miguu yetu wote wawili, mie nabakia na viti." Waliishi pamoja hapa mtaani Muhungu miaka karibu ishirini na minane, hadi Papa David alipofariki tarehe 3 Mei 2011. Mungu aliwapa watoto wawili, Hugues, aliyezaliwa 1984, ambaye anafanya kazi Lubumbashi na amefika juzi, na Aimée, aliyezaliwa 1987, ambaye ana duka la dawa hapa Bukavu na ndiye aliyemtunza mama yake hadi mwisho. Hakuna anayeficha kwamba Aimée hakupenda njia. Alipokuwa msichana aliwahi kumwambia baba yake kwamba mama yao ana watoto watatu na njia ndiyo kifungua mimba, na maneno hayo yalimfikia mama yake, ambaye hakuyakanusha.

Sasa nafika kwenye kazi ambayo imewaleta wengi wenu hapa. Mwaka 2008 Maman Eulalie na walimu wenzake wachache walianza kutembea siku ya Jumapili baada ya misa ya kwanza, wakipanda Ciriri, wakishukia Kabare, wakirudi jioni na matope hadi magotini. Yeye ndiye aliyesema kwamba haina maana kutafuta njia mpya wakati akina mama wa soko wanazo tayari, njia zinazopita kwenye chemchemi, zinazokwepa mteremko mkali, zenye sehemu za kuegemeza mzigo, na kwamba kazi iliyobaki ni kuziunganisha, ili mtu atoke Bukavu afike Lwiro, kisha Katana, bila kukanyaga barabara ya magari. Waliiita Njia ya Ba Mama.

Walianza vibaya. Mwezi wa Februari 2009 walinunua rangi nyeupe, wakapaka mawe kando ya njia kuanzia Ciriri hadi Cihambe, kama walivyoona katika vitabu, na Jumapili iliyofuata hawakukuta hata jiwe moja. Yote yalikuwa yameng'olewa na kutupwa korongoni, na watu wa Cihambe walikuwa wamewangoja kwenye njia panda, akiwemo Maman Martine, mmoja wa akina mama wa soko, ambaye yuko hapa, na ambaye siku hiyo alimwuliza binti wa kijiji chake mbele ya wageni wote, "Eulalie, unatupimia mashamba? Tena siku ya Bwana?" Mtu yeyote wa Kabare anaelewa, maana jiwe lililopakwa rangi ni jiwe la mpaka, na baada ya jiwe huja mtu mwenye karatasi anayesema kilima ni chake. Maman Eulalie aliyajua hayo tangu utotoni, lakini siku ile aliyasahau. Alipiga magoti akaomba msamaha, kisha akamwuliza Martine wao wenyewe huonyeshana njia kwa namna gani, na Martine akamjibu, "Wewe unajua. Mama yako alikuwa anaweka tawi."

Kwa wageni ambao si wa kilimani, naeleza. Anayetangulia akifika njia panda anakata tawi bichi na kulilaza juu ya njia ambayo haifai, ama kwa sababu imeharibika, ama kwa sababu ina hatari, ama kwa sababu siyo inayoenda wanakokwenda, na wanaofuata wakiona tawi wanachukua ile nyingine. Hakuna anayeliruka. Na tawi huondolewa na mtu yule yule aliyeliweka au mtu aliyemtuma, kwa sababu yeye ndiye anayejua alichokiona mbele.

Tangu siku hiyo Njia ya Ba Mama haikuwa na rangi, kibao wala bendera. Ilikuwa na matawi, ambayo kiongozi wa mbele aliyaweka na wa mwisho, aliyetumwa naye, aliyaondoa. Kwa utaratibu huo ilifika Lwiro mwaka 2010, ikafika Katana 2012, na mwaka 2013 wenyeji wa Idjwi walikuja kumwomba aivushe ziwa, naye akapanda mtumbwi wa injini ambayo Papa David aliitengeneza kabla ya kufa, akatembea kisiwa kutoka kusini hadi kaskazini kwa njia za wakulima. Walitembea watu wa parokia, wanafunzi, madaktari, wageni kutoka Goma na mbali zaidi. Kila mtembezi alikula kwenye nyumba za njiani, na chakula kilipikwa na wanawake wa huko, na mgeni aliyetaka kupigwa picha na mwanamke mwenye mzigo aliambiwa kwanza aubebe mzigo huo hadi sehemu ya kuegemeza inayofuata. Picha zilipungua.

Familia imekubaliana kwamba historia hii isiseme mema tu, kwa hiyo nataja Pasaka ya 2014. Siku hiyo Maman Eulalie mwenyewe alikuwa wa mwisho, mvua ilianza, akawa anaongea na mgeni mmoja chini ya mwavuli, na kwenye njia panda ya Lukindwe akapita bila kuondoa tawi. Lukindwe ni mgongo wa kilima juu ya Cihambe. Anayepita juu anafika barabara ya Bukavu mapema, anayepita chini anazunguka bonde lote na kuvuka mto juu ya gogo. Tawi lilikuwa limelazwa kwenye njia ya juu kwa ajili ya watembezi wale tu, waliokuwa wakienda bondeni kuona maporomoko ya maji. Akina mama wa Cihambe walilikuta asubuhi, wakajua ni la nani, wakapita chini. Walipita chini hadi mvua za mwaka huo zilipokwisha, mizigo mgongoni, siku zote za soko. Aliporudi mwezi wa Juni alikuta tawi ni bichi, akashangaa, na Martine akamweleza huku akicheka, "Lile lako lilikauka, maman. Tukakuwekea ingine, isionekane kama tumekuzarau. Tulisema labda uliona nyoka mukubwa kule juu." Kisha akaacha kucheka akamwambia, "Siku ingine ukifunga, ukumbuke kuna watu nyuma."

Wale waliomjua kabla na baada ya siku hiyo wanasema alibadilika. Alijiwekea sharti kwamba hatafungua njia yoyote kwa habari ya kuambiwa, lazima apite mwenyewe kwanza, na kwamba hatalala Bukavu akiwa ameacha tawi lisilo na sababu. Sharti hilo alilishika alipoipeleka njia upande wa pili, kupitia Walungu na milima ya Burhinyi hadi Mwenga, na Agosti 2018, akiwa na miaka sitini na miwili, aliingia Kamituga kwa miguu. Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakienda huko kwa pikipiki walimpita njiani wakamtania, "Bibi, utafika tukiwa tumesharudi!" naye aliwakuta baadaye wakisukuma pikipiki kwenye matope, akawasalimia kwa heshima, akaendelea. Na mapema mwaka jana, barabara ya Kavumu ilipokuwa haipitiki, familia nyingi zilizokimbia mapigano, zenye watoto na magodoro, zilipita njia zile zile zilizounganishwa kwa ajili ya matembezi ya Jumapili, na viongozi wa chama walitangulia mbele yao wakiweka matawi. Hatuna idadi ya waliopita. Tunachojua ni kwamba hatukusikia mtu aliyepotea.

Yeye hakuwapo kati yao, alikuwa kitandani, mgonjwa. Tarehe 21 Novemba 2024, baada ya mvua ya siku mbili, alikwenda Cihambe kwa sababu alisikia kwamba udongo umeporomoka, akapanda Lukindwe peke yake, akakuta ufa umepasua njia ya juu kwa urefu na kipande cha kilima kimeshuka, akakata tawi akalilaza kwenye njia panda. Safari hii sababu ilikuwapo na wote waliiona. Aliwaambia akina mama kwamba udongo wa namna ile lazima upite kiangazi kizima kabla ya kuaminiwa, na kwamba Septemba atarudi kuupima. Njiani kurudi alisimama mara nyingi. Mwezi wa Desemba miguu ilianza kuvimba, na madaktari walisema ni moyo, kwamba umechoka na hautaweza tena mlima.

Kiangazi cha 2025 kilipita akiwa kati ya nyumba na hospitali. Septemba ilipofika alimwita Aimée na kumwomba aende Lukindwe badala yake, apite njia ya juu kutoka mwanzo hadi mwisho, na akiona imetulia aondoe tawi. Aimée alikataa. Alimwambia, "Maman, mie si mutu wa milima, na nikienda nani atakupa dawa? Tuma mwengine." Mama yake hakutuma mwingine. Wanachama wa chama walijitolea, akawashukuru, akawaambia ameshatuma. Hatukuelewa wakati ule alikuwa anasema nini, na wengine tulidhani ugonjwa umeanza kumchanganya.

Mwishoni mwa Oktoba, Delphine, mke wa mpwa wa Maman Martine, aliteleza kwenye gogo la mto akiwa na mzigo wa ndizi, akaanguka na kuvunjika mkono. Alikuwa anapita chini kwa sababu juu kumefungwa. Habari ilimfikia Maman Eulalie kitandani, naye aliomba aletewe buti zake za mpira. Aimée alizileta, akidhani mama yake anataka kuziona tu, lakini alizivaa, akasimama, akafika mlangoni mwa wodi, akashika mlango, akarudi. Buti zilikaa chini ya kitanda hadi mwisho. Alifariki Jumapili tarehe 11 Januari 2026, asubuhi, saa ambayo zamani angekuwa anatoka misa ya kwanza kwenda kupanda Ciriri. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Tawi bado lilikuwa njiani.

Siku iliyofuata akina mama wa Cihambe walikuja kwenye kilio, wakaimba, wakalia, wakaleta mihogo na kuni, na jioni Maman Martine aliomba kusema. Wengi mlikuwapo. Alisema, "Hatukukuja kudai kitu. Tumekuja kulia mutoto yetu. Lakini tawi iko pale, na mwenye kuiweka iko mu sanduku. Sisi tupite wapi?" Hugues, ambaye ameishi mbali, alisema kwa nia njema kwamba kesho atatuma vijana walitoe, na baba mdogo wetu akamwuliza, "Watumwe na nani? Wewe uliiweka?" Wazee walijadiliana. Wengine walisema tawi la marehemu likioza lenyewe njia inakuwa wazi, na Martine akawajibu kwamba haliozi, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wanaliweka upya kila mwezi, na hawatathubutu kuacha, maana mtu wao alifunga na hakusema fungua.

Ndipo Aimée aliposimama. Ameniruhusu kusoma alichosema, tena alisisitiza. Alisema, "Alinituma. Mu mwezi wa tisa. Nilimukatalia. Lakini hakutuma mwengine, aliwaambia watu amekwisha kutuma. Basi mutumwa ni mie, nimechelewa tu." Wazee walimwuliza Martine kama kazi ya kutumwa inaisha aliyetuma akifa. Martine alifikiri, akasema, "Mama akikutuma chumvi akalala, utarudi bila chumvi?"

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Dada yetu Ghislaine, ambaye anaongoza mambo ya wanawake katika kilio hiki, alisema kwamba binti wa marehemu hatoki kwenye kilio kabla ya mazishi, na alisema kweli, ndiyo desturi yetu. Jumanne yote walibishana, na siwezi kusema hapa kila lililosemwa. Jumatano tarehe 14, kulipokucha, Ghislaine alikuja mwenyewe mahali Aimée alipokuwa ameketi, akaweka mbele yake buti za mpira zilizotoka chini ya kitanda cha hospitali, akamwambia, "Vaa hizi. Viatu vyako vya mujini vitakuangusha, halafu tutakuwa na vilio viwili." Zilikuwa kubwa kidogo. Akavaa soksi mbili.

Alipanda pamoja na Martine na wanawake wengine watatu. Walipima ardhi kwa mpini wa jembe kila walipotilia shaka, wakakuta ufa umejaa udongo na nyasi zimeota juu yake, isipokuwa mahali pamoja karibu na chemchemi ambapo mpini ulizama, na hapo walichimba njia mpya juu kidogo, kwenye mwamba. Kisha Martine alisema kwamba njia haijapimwa kama haijapita na mzigo, akamfunga Aimée kamba kwenye paji la uso na kumpa nusu ya gunia la mihogo. Aimée anasema alifika sehemu ya kwanza ya kuegemeza, ile ambayo mama yake, akiwa na miaka sita, alimwonyesha mama yetu, akauegemeza mzigo, akalia hapo kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na kwamba Martine alimwacha alie hadi atosheke, kisha akamwambia, "Twende, mutoto. Nyuma kuna watu." Walifika barabarani, wakarudi kwa njia ile ile ya juu. Tawi hawakuliondoa. Aimée alisema ametumwa kupima na amepima, na kuondoa ataondoa mama yake akiwapo.

Kwa hiyo jibu ni hili. Baada ya misa, magari yatatufikisha mwisho wa barabara ya Cihambe, na kutoka hapo jeneza litabebwa kwa mabega. Kwenye njia panda tutasimama, Aimée ataondoa tawi, na tutapita Lukindwe hadi shamba la migomba la baba yetu, ambako kaburi limechimbwa karibu na la mama yetu. Wazee, wagonjwa na wenye viatu vya kisigino wanaombwa kuzunguka na gari kwa barabara ya chini, watatukuta upande wa pili. Wengine wafuate jeneza mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu njia ni nyembamba, na kwenye chemchemi wakanyage mwamba, wasikanyage nyasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya magonjwa ya moyo, walioruhusu buti zenye matope kukaa chini ya kitanda safi. Inawashukuru majirani wa Muhungu kwa maji, viti na makaa, walimu wenzake na wanafunzi wake, ambao wameshika zamu za kulinda kilio bila kuombwa, chama cha watembezi, ambacho kitaendelea kila Jumapili na kimemchagua Maman Martine kuwa wa mbele, wenyeji wa Lwiro, Katana, Idjwi na Kamituga waliotuma watu, na Delphine, ambaye amekuja na mkono wake ukiwa bado umefungwa na amekataa kupanda gari. Akina mama wa Cihambe, kwa miezi kumi na minne mlipita chini kwa sababu mlimwamini mtu mmoja kwamba aliona kitu mbele. Hatuna cha kuwalipa. Keshokutwa ni siku ya soko, mtapita juu.

Dada Eulalie, wewe uliyetangulia, hakuna tawi lako litakalobaki njiani. Pumzika kwa amani.